Spora za mapumziko za diatomu

Spora za mapumziko ni hatua ya maisha ambayo baadhi ya diatomu huingia mazingira yanapokuwa magumu. Seli hujenga ganda nene la silika, hukusanya akiba ya chakula, hupunguza sana shughuli zake za ndani, kisha huzama kuelekea sakafu ya bahari. Huko inaweza kubaki hai mpaka hali iwe nzuri tena. Hatua hii hupatikana hasa katika diatomu za baharini zinazoishi karibu na pwani, na ni ya kawaida katika bahari za ncha za dunia, yaani Bahari ya Aktiki upande wa kaskazini na Bahari ya Kusini inayozunguka bara la Antaktiki. Katika maeneo hayo jua hupotea kwa wiki au miezi kila mwaka, na mwani unaotegemea mwanga hauna budi kuwa na njia ya kuvuka majira ya giza.

Umuhimu wa spora hizi hauishii kwa diatomu zenyewe. Huchangia kuanzisha upya ukuaji wa mwani mwanga unaporudi, hubeba kaboni kutoka juu ya maji kwenda kina kirefu, na magamba yake hudumu katika mashapo kwa mamilioni ya miaka, hivyo kuwa kumbukumbu ya tabianchi ya kale.

## Diatomu kwa ufupi

Diatomu ni mwani wa seli moja moja. Spishi nyingi huelea katika maji kama planktoni, nyingine hukaa juu ya mawe, mchanga au barafu. Kila seli imefungwa ndani ya ganda la silika, madini yaleyale yanayounda kioo. Ganda hilo lina vipande viwili vinavyoitwa vali, kimoja kikiwa kikubwa kidogo na kufunika kingine, kama kopo na kifuniko chake.

Kwa umbo, diatomu hugawanywa katika makundi mawili makubwa: zile za mviringo, ambazo mapambo ya ganda lao hutoka katikati kuelekea ukingoni, na zile ndefu, ambazo mapambo yao hupangwa pande mbili za mstari wa katikati. Spora za mapumziko hutengenezwa hasa na diatomu za mviringo. Katika diatomu ndefu ni nadra zaidi.

Diatomu hufanya takriban sehemu moja ya tano ya usanisinuru wote duniani. Katika bahari za ncha ndizo chakula kikuu cha kopepodi na krili, ambao nao huliwa na samaki, ndege, sili na nyangumi. Kwa hiyo kufaulu au kushindwa kwa diatomu kuvuka majira ya baridi huathiri mlolongo mzima wa chakula.

## Mazingira ya bahari za ncha

Ugumu wa kwanza ni giza. Huko Ny-Ålesund katika funguvisiwa la Svalbard, karibu na latitudo 79° kaskazini, jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari. Katika Ghuba ya McMurdo, Antaktiki, giza hudumu kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Agosti. Hata jua linaporudi, barafu na theluji iliyo juu yake huzuia sehemu kubwa ya mwanga usifike majini.

Ugumu wa pili ni barafu yenyewe. Maji ya bahari huganda kwenye takriban nyuzi -1.8 za selsiasi. Kuzunguka Antaktiki, eneo lililofunikwa na barafu ya bahari kwa kawaida hupanda kutoka takriban kilomita za mraba milioni 3 mwezi Februari hadi milioni 18 au zaidi mwezi Septemba. Maji yanapoganda, chumvi haiingii katika fuwele za barafu, bali hubaki katika vijimfereji vya maji makali ya chumvi. Barafu ikifikia nyuzi -10, maji hayo huwa na chumvi takriban mara nne ya ile ya maji ya kawaida ya bahari. Seli iliyonaswa humo hupoteza maji na hukabiliwa na hatari ya kupasuliwa na fuwele.

Ugumu wa tatu huja wakati wa neema. Mwanga unaporudi, diatomu huongezeka haraka sana na katika wiki chache humaliza virutubishi vya tabaka la juu, hasa nitrati. Katika sehemu kubwa ya Bahari ya Kusini upungufu mkuu ni wa chuma. Kwa hiyo diatomu inaweza kukumbwa na njaa katikati ya majira ya joto, jua likiwa bado linawaka usiku na mchana.

## Kinachosababisha kuundwa kwa spora

Katika majaribio ya maabara, sababu iliyothibitishwa zaidi ni kupungukiwa na nitrojeni. Mwanga hafifu, mabadiliko ya joto na upungufu wa virutubishi vingine, kikiwemo chuma, pia vimehusishwa na uundaji wa spora, lakini athari zake hutofautiana kati ya spishi na spishi. Mara nyingi sababu mbili au zaidi hufanya kazi pamoja.

Jambo moja ni sharti: silika iwepo ya kutosha. Ganda la spora ni zito kuliko la seli ya kawaida, kwa hiyo seli iliyoishiwa silika haiwezi kulijenga. Majaribio juu ya *Chaetoceros pseudocurvisetus*, spishi ya maji ya joto zaidi, yalionyesha kwamba nitrojeni ikiisha huku silika ikiwepo, seli huunda spora. Lakini silika nayo ikikosekana, hugeuka kuwa seli za mapumziko zisizo na ganda jipya. Hizi hutumia akiba yao haraka zaidi na hustahimili muda mfupi kuliko spora.

## Jinsi spora inavyoundwa

Mabadiliko huanza haraka, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili baada ya virutubishi kuisha. Saitoplazimu husinyaa kuelekea katikati ya seli, na kiini hugawanyika. Kwa kawaida kiini cha diatomu kikigawanyika, seli nayo hugawanyika kuwa mbili. Katika uundaji wa spora mgawanyiko wa kiini unaweza kutokea bila seli kugawanyika sawasawa: kiini kimoja huendelea na kingine hupotea. Sababu ni kwamba diatomu hujenga vali mpya kila inapogawanya kiini chake. Ili kupata vali mbili za spora, inabidi kiini kigawanyike mara mbili.

Vali ya kwanza huwa na mapambo mengi zaidi, kama vile miiba, vinundu au matawi, na ya pili huwa laini zaidi. Kutegemea uhusiano wake na ganda la mama, spora hugawanywa katika aina tatu:

- Spora za ndani, ambazo hukaa zima ndani ya ganda la seli mama. Hizi ni za kawaida katika jenasi *Chaetoceros*.
- Spora za nusu ndani, ambazo vali moja tu hubaki imefunikwa na ganda la mama.
- Spora za nje, ambazo hazifunikwi na ganda la mama zinapokomaa.

Spishi moja wakati mwingine inaweza kutoa zaidi ya aina moja.

## Umbo na yaliyomo

Chini ya hadubini spora huonekana nyeusi zaidi na iliyosongamana kuliko seli ya kawaida. Seli hai ya *Chaetoceros* huwa na pembe ndefu nyembamba zinazoisaidia kuelea na kuungana na wenzake katika mnyororo. Spora yake haina pembe hizo. Ni kidonge kifupi chenye ukuta mnene, na mara nyingi chenye miiba.

Ndani yake kloroplasti husinyaa lakini haziharibiwi. Seli hujaza akiba ya mafuta pamoja na wanga wa aina ya krisolaminarini, ambao ndio wanga wa akiba wa diatomu. Upumuaji hushuka sana, na usanisinuru karibu husimama. Kwa matumizi madogo hivyo, akiba iliyowekwa katika siku chache inaweza kutosha kwa miezi au miaka.

Ukuta mnene una faida nyingine. Kopepodi huonekana kuziepuka spora wanapopewa nafasi ya kuchagua, na baadhi ya spora hupita katika matumbo ya wanyama na kutoka zikiwa hai.

## Tofauti na hatua nyingine za maisha

Spora za mapumziko huchanganywa wakati mwingine na *auksospora*. Auksospora si hatua ya kujikinga. Diatomu zinapogawanyika, ukubwa wa wastani wa seli hupungua kizazi baada ya kizazi, kwa sababu kila vali mpya hujengwa ndani ya ile ya zamani. Auksospora, ambayo mara nyingi hutokana na uzazi wa kijinsia, huvimba na kurudisha ukubwa wa awali wa spishi. Spora ya mapumziko kwa kawaida haihitaji uzazi wa kijinsia.

*Seli za mapumziko* nazo ni kitu tofauti. Kwa nje zinafanana na seli za kawaida, ila yaliyomo ndani yamesinyaa na umetaboli umepungua. Diatomu nyingi zisizoweza kuunda spora hutumia njia hii.

## Kuzama na kusubiri

Kwa sababu ya uzito wa silika, spora huzama upesi kuliko seli za kawaida. Mara nyingi huzama zikiwa zimegandamana pamoja na mabaki mengine katika mabonge yanayoitwa theluji ya bahari, au ndani ya vinyesi vya krili na kopepodi.

Matokeo ya kuzama hutegemea kina. Kwenye bahari ya kina kifupi kando ya mabara na katika fiodi, spora hutua mahali penye giza na baridi ambapo virutubishi si haba, na dhoruba za majira ya baridi zinaweza kuzichota tena hadi juu. Katika bahari wazi yenye kina cha mita 4,000 hakuna dhoruba inayoweza kuzirudisha, na spora nyingi zilizofika huko hupotea kwa kizazi kijacho. Hii ni sababu moja kwa nini uundaji wa spora umeenea zaidi katika diatomu za pwani kuliko zile za bahari wazi.

Idadi ya spora zinazosubiri inaweza kuwa kubwa mno. Katika mashapo ya Bahari ya Chukchi na kaskazini mwa Bahari ya Bering, watafiti wamepata maelfu hadi malaki ya diatomu hai katika gramu moja ya tope. Wanasayansi hulinganisha hazina hii na akiba ya mbegu katika udongo wa nchi kavu.

## Kuota

Kichocheo kikuu cha kuota ni mwanga. Spora nyingi zikiwekwa gizani haziota hata kama maji yana virutubishi vyote. Zikirudishwa kwenye mwanga, nyingi huota ndani ya siku chache. Kloroplasti hupanuka, seli hurefuka, kiini hugawanyika na vali mpya za kawaida hujengwa. Vali za spora huachwa, au hubaki zimeshikamana na mnyororo mpya kwa muda.

Kwa spishi za kaskazini mwa Norwei, mwaka 1995 ilitolewa nadharia kwamba urefu wa mchana, na si ukali wa mwanga peke yake, huamua wakati wa spora kuanza kukua. Nadharia hiyo ilisaidia kueleza kwa nini katika fiodi za huko mwani huanza kuongezeka karibu wakati uleule kila mwaka, hata kabla maji hayajatulia na kujipanga katika matabaka.

## Baadhi ya spishi

- *Chaetoceros gelidus* ni spishi ya maji baridi ya kaskazini inayounda makundi. Zamani ilihesabiwa kuwa sehemu ya *Chaetoceros socialis*, na ilitengwa kuwa spishi ya pekee mwaka 2013.
- *Thalassiosira antarctica* hupatikana katika bahari za ncha zote mbili. Spora zake ni za kawaida katika mashapo ya Antaktiki.
- *Thalassiosira nordenskioeldii* ni ya Aktiki na kaskazini mwa Atlantiki, na huongezeka sana katika majira ya kuchipua.
- *Bacterosira bathyomphala* na *Detonula confervacea* ni diatomu za mnyororo za Aktiki, zenye spora za ganda nene.
- *Fragilariopsis oceanica* ni miongoni mwa diatomu ndefu chache zinazojulikana kuunda spora.
- *Melosira arctica* huota chini ya barafu ya Aktiki kama nyuzi ndefu zinazoning'inia.
- *Eucampia antarctica* ya Bahari ya Kusini huwa na umbo la majira ya baridi lenye ganda zito sana.

## Njia nyingine za kuvuka majira ya baridi

Si diatomu zote za ncha zinazounda spora. *Fragilariopsis cylindrus*, iliyo nyingi katika barafu ya bahari kaskazini na kusini, hubaki na umbo lake la kawaida. Hutoa protini zinazojishika kwenye barafu na kuzuia fuwele zisikue, hukusanya kemikali zinazozuia maji kutoka katika seli, na gizani hushusha umetaboli wake hadi kiwango cha chini sana. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2017.

Uwezo wa kustahimili giza bila spora ni mkubwa kuliko ulivyodhaniwa zamani. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1996, baadhi ya diatomu za Antaktiki zilibaki hai baada ya miezi kadhaa ya giza kamili, hata zile ambazo hazikuwa katika hali ya spora. Kwa hiyo spora ni njia mojawapo kati ya kadhaa. Faida yake hasa ni pale ambapo kusubiri kunaweza kuwa kurefu kuliko majira moja.

## Muda wa kuishi

Baridi huongeza muda ambao spora inaweza kusubiri, kwa kuwa akiba hutumika polepole zaidi. Ushahidi bora wa maisha marefu umetoka kusini mwa Aktiki, katika mashapo yasiyo na oksijeni ambayo hayakuvurugwa na wanyama wa sakafuni. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba *Skeletonema marinoi* kutoka Mariager Fjord nchini Denmark ilifufuliwa kutoka tabaka zenye umri wa takriban miaka 100. Mwaka 2025 watafiti wa taasisi ya utafiti wa Bahari ya Baltiki iliyoko Warnemünde, Ujerumani, walieleza jinsi spishi hiyohiyo ilivyofufuliwa kutoka mashapo ya Baltiki yenye umri wa karibu miaka 6,900. Seli hizo zilikua na kufanya usanisinuru kwa kiwango kinacholingana na cha jamaa zao wa leo.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba kila spora huishi hivyo. Nyingi hufa, huliwa au huoza mapema. Lakini idadi yake ni kubwa kiasi kwamba hata sehemu ndogo inayosalia hutosha kuanzisha kizazi kipya.

## Umuhimu katika mzunguko wa kaboni

Diatomu hutumia kaboni dioksidi iliyoyeyuka majini. Seli ikiliwa au ikioza karibu na uso wa bahari, kaboni hiyo hurudi upesi majini na hewani. Spora hupunguza uwezekano huo, kwa sababu imejaa kaboni, hailiwi kwa urahisi na huzama haraka.

Mfano maarufu ni uwanda wa chini ya bahari wa Kerguelen, katika sehemu ya Bahari ya Kusini iliyo kusini mwa Bahari ya Hindi. Chuma kinachotoka katika uwanda huo hurutubisha maji na kusababisha ongezeko kubwa la mwani kila mwaka. Mwaka 2011 mtego wa mashapo uliwekwa hapo kwenye kina cha karibu mita 290. Ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaboni yote ya mwaka iliyozama katika chembechembe ilipita katika vipindi viwili vifupi, kila kimoja chini ya siku 14, na ilibebwa hasa na spora za *Chaetoceros* na *Thalassiosira antarctica*.

Katika Aktiki ya kati, msafara wa meli ya utafiti ya Ujerumani *Polarstern* mwaka 2012 ulikuta mabonge ya *Melosira arctica* kwenye sakafu ya bahari, zaidi ya mita 3,500 chini, yakiliwa na matango-bahari. Mwani huo ulikuwa umedondoka kutoka katika barafu iliyoyeyuka mwaka huo.

## Spora katika visukuku

Ganda nene la spora huyeyuka polepole kuliko magamba membamba ya seli za kawaida. Kwa sababu hiyo mashapo ya kando ya Rasi ya Antaktiki mara nyingi yamejaa spora za *Chaetoceros*. Katika bonde la Palmer Deep, ambako mashapo yalichimbwa mwaka 1998 na mradi wa kimataifa wa kuchimba bahari, tabaka nyembamba zilizojaa spora hizo hutafsiriwa kuwa alama ya ukuaji mkubwa wa mwani wa majira ya kuchipua. Wataalamu huhesabu spora katika tabaka hizo ili kukadiria jinsi barafu na uzalishaji wa bahari vilivyobadilika katika maelfu ya miaka.

Spora zimepatikana pia katika mashapo ya Aktiki ya mwishoni mwa kipindi cha Kretasi, wakati bahari hiyo ilipokuwa na joto kuliko leo lakini bado ilikuwa na miezi ya giza. Mwaka 1986 ilitolewa hoja kwamba uwezo wa kusubiri gizani ulizisaidia diatomu nyingi kuvuka maangamizi ya miaka milioni 66 iliyopita, yaliyomaliza dinosauri wasio ndege.

## Historia ya utafiti

Mtaalamu wa Ujerumani Christian Gottfried Ehrenberg, katika karne ya 19, alieleza spora nyingi za visukuku bila kujua kwamba ni hatua ya maisha ya spishi nyingine. Alizipa majina ya jenasi za pekee, kama *Dicladia*, *Syndendrium* na *Xanthiopyxis*, na baadhi ya majina hayo bado hutumiwa kwa visukuku. Ehrenberg alichunguza pia diatomu za Antaktiki zilizokusanywa na Joseph Dalton Hooker katika msafara wa James Clark Ross wa miaka 1839–1843.

Upande wa kaskazini, Fridtjof Nansen alikusanya diatomu za barafu katika safari ya meli *Fram* ya miaka 1893–1896. Sampuli hizo zilichunguzwa na Mnorwei Haaken Hasberg Gran, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1904. Gran alikuwa miongoni mwa wa kwanza kueleza spora kama njia ya diatomu za pwani kuvuka majira yasiyofaa zikiwa sakafuni. Tangu miaka ya 1970 utafiti umeendelezwa kwa majaribio ya maabara, mitego ya mashapo na, karibuni, uchambuzi wa jeni.

## Mabadiliko ya tabianchi

Barafu ya Aktiki imepungua sana tangu mwaka 1979. Kwa spora, jambo lenye uzito ni wakati. Barafu ikiondoka mapema, mwanga hufika majini mapema, na katika bahari za kina kifupi kama Chukchi unaweza kufika hadi sakafuni. Spora zikiota wakati ambao wanyama wanaozitegemea bado hawajawa tayari, mlolongo wa chakula unaweza kuvurugika. Mchanganyiko wa spishi zilizohifadhiwa sakafuni nao hufuata hali ya barafu ya miaka iliyotangulia, kwa sababu spishi za barafu na zile za maji wazi huacha spora tofauti.

Kwa upande mwingine, akiba ya spora za miaka mingi huipa jamii ya diatomu uwezo wa kurudi baada ya mwaka mbaya, na huhifadhi aina za jeni ambazo huenda zikafaa hali itakapobadilika.

## Tazama pia

- Diatomu
- Planktoni
- Barafu ya bahari
- Bahari ya Aktiki
- Bahari ya Kusini
- Usanisinuru